Bila amani na uadilifu, mtaji wa ziwani unazama

Mtume wetu Muhammad (SAW), kabla ya kupewa Utume, alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana kwa uaminifu.

Ndugu zangu Waislamu, katika Surat Quraysh Allah (SW) anawakumbusha Maquraysh misafara yao ya biashara, wakati wa baridi na wakati wa joto. Kisha anawataka wamuabudu Mola wa Al-Kaaba, aliyewaepusha na njaa na akawasalimisha na khofu. Tuzingatie kuwa chakula na usalama vimetajwa pamoja. Nabii Ibrahim (AS) naye alipouombea mji wa Makka (2:126), alianza kuomba amani, ndipo akaomba riziki ya matunda. Asiye na usalama hana mtaji, hata kama duka lake limejaa bidhaa.

Sasa tujitazame sisi wa Mwanza. Muulize tajiri yeyote wa mitumbwi wa Igombe, Kirumba au Ukerewe ni kitu gani kinamnyima usingizi. Pamoja na dhoruba, atakutajia majambazi. Wanawavizia wavuvi usiku wakiwa na silaha, wanachukua injini, nyavu na samaki, na wengine hawaishii hapo, wanaua. Injini ikiondoka, mtumbwi unabaki gogo. Vijana waliokuwa wanaupanda wanakosa kazi, na mkopo ulionunua injini ile unaendelea kudaiwa.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini, na swali ninalopenda kuwauliza wanafunzi wangu ni hili: injini iliyoporwa inakwenda wapi? Hailiwi. Inauzwa. Basi yuko mnunuzi, yuko fundi anayekwangua namba, na yuko dalali, na huenda wote hao hawajawahi kushika bunduki. Huo ndio uhalifu wa mtandao. Qur'an (5:33) imeweka adhabu kali kwa wanaoeneza ufisadi katika ardhi, na aya ya 2 ya sura hiyo hiyo inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Anayenunua kwa bei ya kutupa huku akijua, amemlipa jambazi mshahara wake.

Tumewahi kuonja madhara yake. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu wapo waliokuwa wakivua kwa sumu. Waliotia sumu walikuwa wachache, lakini aliyeumia ni mvuvi muadilifu na kibarua wa kiwanda cha minofu, ambaye hata sumu yenyewe hakuiona.

Hatari ya pili ni pale mlinzi anaposhirikiana na mwizi. Januari 2019, hapa mkoani Mwanza, zilikamatwa zaidi ya kilo 300 za dhahabu, na askari polisi wanane wakashitakiwa kwa tuhuma za kuwasaidia watoroshaji. Hukumu yao si mada yangu. Ninachosema ni kwamba mfanyabiashara anayelipa kodi hawezi kushindana na anayelipa rushwa. Ndiyo maana Qur'an (2:188) imekataza kula mali kwa batili na kuipeleka kwa wenye mamlaka.

Hatari ya tatu ni siasa isiyo na haki. Mapema mwaka 2008 jirani zetu wa Kisumu waliona maduka yakiporwa na kuchomwa baada ya uchaguzi, na mafuta yakaadimika hadi Uganda na Rwanda. Januari 2025 Goma ilipotekwa na waasi wa M23, benki zilifungwa, na dagaa wa Mwaloni Kirumba wana wateja wao Kongo. Kisha ikawa zamu yetu. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, watu waliuawa, mali zilichomwa na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Anayeuza kwa simu na anayelipa kwa simu wakabaki wanatazamana. Duka likiungua hujengwa tena, lakini roho haina fidia.

Tufanye nini? Kabla ya Utume, mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa bidhaa zake Makka na mtu mkubwa. Wenye utu walikutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakafunga mkataba wa Hilful Fudhul, wa kumsimamia kila aliyedhulumiwa. Mtume (SAW) alihudhuria, na baada ya kupewa Utume alisema kuwa angeitwa tena kwenye mkataba kama ule angeitika.

Basi nasi tuwe na Hilful Fudhul yetu. Wenye mitumbwi, bila kubaguana kwa dini, waandikishe namba za injini zao kila mwalo. Anayeuza aandikiane na mnunuzi mbele ya mashahidi, kama Qur'an (2:282) ilivyoelekeza. Maimamu wamkemee mnunuzi wa mali ya wizi kama wanavyomkemea mwizi, hata kama ndiye mchangiaji mkubwa wa msikiti. Na viongozi tuwakumbushe bila matusi na bila woga kwamba Allah (4:58) amewaamrisha kurejesha amana na kuhukumu kwa uadilifu. Bunduki inaweza kunyamazisha mji kwa wiki moja. Kinachofungua maduka mwaka mzima ni haki.

Ambaye mkono wake umo katika mnyororo huu, mlango wa toba uko wazi, lakini aanze kwa kurudisha mali ya watu.