Ugonjwa Usiokoma na Swali la "Nani?"

Achukuliwe mfano wa mwanamke wa miaka 25 katika kijiji kimoja kando ya Bunia. Kwa miezi mingi ameshikwa na homa ndogo ambayo vipimo vyasema si malaria. Amekonda, na mkono wake wa kushoto huchoka upesi akiinua jembe. Mwuguzi amshika kifundo cha mkono huo, atafuta mapigo ya damu, asiyapate. Ndugu wakisikia habari hiyo hawaulizi ni ugonjwa gani. Huuliza: "Nani amemfanyia hivi?"

Swali hilo si la kipumbavu. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa kwa Wazande katika miaka ya 1920, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 habari ya ghala iliyoanguka juu ya watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vema kwamba mchwa wamekula nguzo. Lakini kwa nini ikaanguka saa ile ile, juu ya watu wale wale? Mchwa hawajibu hilo. Kila mwanadamu aliyepatwa na msiba ameuliza swali la namna hiyo, awe Mzande au Mzungu. Ubaya waanza pale mtu aonapo nafasi ya jibu iko tupu, akaijaza kwa jina la jirani.

Ugonjwa wa mwanamke huyu wajulikana. Daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, alieleza alama zake katika jicho la mgonjwa mwaka 1908, na hata leo waitwa kwa jina lake. Huwashika zaidi wanawake vijana. Mwili wa mtu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hugeuka na kuishambulia mishipa mikubwa itokayo moyoni. Ukuta wa mshipa huvimba, huwa mnene, na njia ya damu husonga. Kwa hiyo mapigo hupotea mkononi, na kipimo cha shinikizo la damu katika mkono huo chaweza kudanganya, kikionyesha kidogo huku moyo unalemewa. Kupima mikono yote miwili hakugharimu chochote, na ni ajabu jinsi jambo jepesi hivyo linavyosahauliwa.

Basi adui hakutoka nje, hakupita mlangoni usiku. Mbona askari wakageuka? Madaktari hawajui kwa hakika. Jibu hilo ni gumu kulipokea, kwa kuwa mpiga ramli hasemi kamwe kwamba hajui, na mwenye uchungu humpenda mwenye jibu. Lakini mtu asiyejua nani aliyeiba mbuzi hapati ruhusa ya kumfunga wa kwanza apitaye njiani. Katika Injili ya Yohane wanafunzi walitaka kujua nani aliyekosa, kipofu au wazazi wake, na Bwana hakumtaja hata mmoja. Mwaka 2001, katika nchi ya Aru, kaskazini ya Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengi wao walitajwa na watu waliowafahamu.

Tena mashtaka hayo humdhuru mgonjwa mwenyewe, maana humwondoa katika dawa. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake huko Marekani walimpa kortisoni mgonjwa wa viungo kwa mara ya kwanza, na kazi hiyo ikapewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Kutoka jamii hiyo ya dawa ndiyo prednisoloni, ambayo hutuliza askari waliogeuka. Hainywewi juma moja tu. Hunywewa miezi, pengine miaka, na kabla ya kuianza yafaa kutazama kifua kikuu na minyoo, kwa sababu inayalegeza maboma yote ya mwili. Uso huwa wa mviringo. Hapo wanakijiji husema, "Amenenepa, amepona," naye huona haya kuendelea na vidonge. Akiviacha ghafula yu hatarini, kwa maana tezi ndogo zilizo juu ya mafigo zimekwisha kusahau kazi yao. Hapana budi dawa ipunguzwe kidogo kidogo kwa shauri la daktari. Ugonjwa ukirudi, wenye kuuliza "nani" watapata ushahidi mpya, nao ni wa uongo kama ule wa kwanza.

Hata hivyo kuna mahali ambapo swali lile ni la haki kabisa. Mwezi wa Septemba mwaka 2002 hospitali kubwa ya Nyankunde, mwendo wa kama kilomita 45 kutoka Bunia, ilishambuliwa na watu wenye silaha. Wagonjwa waliuawa vitandani, hospitali ikaporwa, na waliosalia wakaenda kwa miguu siku nyingi hadi Oicha. Mtu aliyehitaji kidonge kila asubuhi hakuwa na kidonge. Mshipa wake ulivimba pasipo mkono wa mtu. Lakini sanduku la dawa lilivunjwa kwa mikono, na mikono hiyo ina wenyewe. Ni ajabu kwamba katika vijiji vingi bibi kizee wa nyumba ya pili huulizwa habari za mshipa, na mwenye bunduki haulizwi habari za sanduku.