Aliyesimama Njiani

Lipo swali ambalo limekaa nami tangu mwaka 1984, na kwa kuwa umri wangu sasa ni wa kukaa barazani kuliko wa kutembea, naliweka hapa msomaji alipime mwenyewe. Mtu aliyetumwa na wenzake kuwashindania, ana haki gani ya kuutoa ushindi wao kwa ajili ya mtu mwingine?

Miaka hiyo nilikuwa mkufunzi wa jiografia katika chuo cha ualimu, kabla sijapewa ukuu wa shule. Wafini walikuwa wamekwisha kufanya kazi ya maji katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi kwa muda, na mmoja wa mafundi wao alizoea kupita chuoni kuniazima ramani. Ndiye aliyenieleza mchezo wa kwao wa kutafuta njia porini kwa ramani na dira, ambao wao huuita suunnistus. Mshindani hupewa ramani yenye vituo vilivyotiwa alama, naye huvifikia kwa mpangilio, akijichagulia njia. Wanorwei walikuwa na mashindano ya namna hiyo tangu 1897. Shirikisho la kimataifa liliundwa 1961, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Ufini mwaka 1966.

Nikaona hapa pana dawa ya ugonjwa wa wanafunzi wangu, walioweza kusoma kontua darasani lakini wakipelekwa nje hawajui kaskazini ni wapi. Tukapanga mashindano katika miombo ya karibu na Nanganga, pale barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Ruangwa, na bonde la Lukuledi liko jirani. Ramani yetu ilikuwa ya skeli ya 1:50,000, iliyochorwa kabla ya Operesheni Vijiji. Ilionyesha vitongoji ambavyo watu wake walikwisha hamishwa. Ukifika unakuta miembe tu na vigae vya vyungu. (Wanafunzi waling'amua upesi kwamba mwembe hauhami, wakaitumia miembe kama vituo. Hilo sikuwafundisha mimi.) Niliwafundisha kuhesabu hatua, maana kwa dira na hesabu ya hatua mtu hujua amefika wapi hata asipoona chochote.

Kila bweni lilitoa watu watatu wa kupokezana: wa kwanza akirudi anamgusa mkono wa pili, wa pili anamgusa wa tatu. Zawadi ilikuwa mbuzi. Msomaji aliyeishi miaka ile ya foleni za sukari atajua mbuzi mmoja alikuwa na uzito gani kwa vijana waliokula ugali na maharage muhula mzima.

Katika zamu ya tatu, mkimbiaji wa bweni moja alitumbukia shimoni, akavunjika mguu. Mwenzake wa bweni jingine alipita karibu, akasikia sauti, akaendelea. Baadaye alikiri mwenyewe bila kulazimishwa: alidhani anayefuata nyuma atasimama. Aliyefuata, kijana wa Kimwera ambaye bweni lake lilikuwa na nafasi nzuri ya kushinda, alisimama kweli. Alimbeba majeruhi mgongoni mpaka barabarani, tukampeleka hospitali ya misheni ya Ndanda.

Nilimsifu aliyembeba mbele ya wote, kisha mbuzi nikampa aliyepita. Sheria ilikuwa moja tu, anayewahi kurudi ndiye mshindi, na niliiandika mimi. Yule Mfini alikuwa amenitajia nyingine, kwamba ni wajibu wa kila mshindani kumsaidia aliyeumia. Nikaiacha, nikidhani jambo kama hilo halihitaji kuandikwa. Sifa, kama tujuavyo, haigharimu kitu.

Bweni la yule kijana halikusema naye karibu wiki mbili. Nilipowaita kuwakemea, mmoja wao alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, angetoa mbuzi wake tusingesema. Huyu alikuwa wetu sote." Sikuwa na jibu. Tuliwakuza vijana hao kwa habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akamaliza na goti lake limefungwa bendeji. Sisi wenyewe tuliwaambia aliyetumwa na wenzake hana budi kumaliza.

Mwaka 2009 nilipata barua kutoka Ufini. Fundi wangu, sasa mzee kama mimi, aliniandikia habari za mashindano ya dunia yaliyofanyika Agosti mwaka huo huko Miskolc, Hungaria. Katika mbio za kupokezana za wanaume, zamu ya mwisho, Martin Johansson wa Uswidi alichomwa na kijiti kikaingia ndani sana pajani. Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, Anders Nordberg wa Norwei na Michal Smola wa Ucheki, waliokuwa mbele wakiwania medali, waliacha mbio wakamhudumia. Dhahabu ilikwenda Uswisi, na kwa haki kabisa.

Barua ile nimeisoma mara nyingi. Kila mmoja wa wale watatu alikuwa na wenzake wawili waliokwisha kukimbia, jasho limewatoka, na kazi yao ikapotea bila wao kuulizwa. Malalamiko ya bweni lile, basi, hayakuwa uroho mtupu. Nimefikia hapa: anayekugusa mkono hakukabidhi miguu yake tu, amekukabidhi pia uamuzi wake huko asikokuwapo. Kama ningewauliza wale vijana siku moja kabla, tumbo halijanusa nyama, "Mwenzenu akimkuta mtu shimoni afanye nini?", sidhani kama yupo angesema ampite. Lakini sikuwauliza.

Wapo wasemao waliosimama walipata heshima kubwa kuliko medali. Neno hilo silipendi, kwa sababu linageuza msaada kuwa biashara yenye faida. Waliosimama walipoteza, na hasara yao ni ya kweli hadi leo. Kijana wangu hakuandikwa gazetini. Alikosa nyama, akakosa na wa kuzungumza naye.

Nilikutana naye miaka michache iliyopita Nanganga, akisubiri basi la Masasi, mwalimu mstaafu mwenye mvi kuliko zangu. Nilimwomba radhi kwa habari ya mbuzi. Alicheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hata mimi nilimpita kwanza. Nilimsikia nikaendelea, halafu ndiyo nikarudi."

Nikamwuliza alikuwa amekwenda hatua ngapi. Akasema hapo ndipo alipopoteza hesabu.