Mtoto Akiuliza

"Anko, Kiambaa kulitokea nini?"

Mpwa wangu ana miaka 12. Tulikuwa kwenye matatu, tumebanana, nami nikajifanya sijasikia. Nilijua vizuri: tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa pale, watu wakiwa ndani. Nilinyamaza eti nisimpandie chuki.

Tangu siku hiyo nawawaza Wayahudi. Usishangae, Eldoret hii nusura iwe yao. Mwaka 1903, miezi michache baada ya Wayahudi 49 kuuawa Kishinev, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka kuwapa makao huku. Uwanda wetu wa Uasin Gishu ndio uliopendekezwa. Wakaguzi watatu wakaja, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ukakataa. Mwaka 1908 Makaburu wakaingia na mikokoteni yao.

Waingereza walisema ardhi ilikuwa tupu. Tupu vipi? Jina lenyewe ni la Wamaasai waliotawanywa na vita karne ya 19. Wanandi walichunga ng'ombe hapa. Mashimo ya Wasirikwa bado yapo. Ila kumbukumbu hizo zilikaa vinywani mwa wazee, na hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo ninaponyamaza, najua ninasaidia kazi gani.

Lakini hata kusimulia kuna hatari. Mwaka 2007 hadithi za mashamba yaliyochukuliwa zilisimuliwa pia, na kuna waliozisikiliza huku wakinoa mishale.

Basi tofauti iko wapi? Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi mtoto ndiye huuliza: kwa nini usiku huu si kama mingine? Mkubwa hana ruhusa ya kukwepa. Huanza na aibu, kwamba tulikuwa watumwa Misri. Na Torati yao inawaambia wasimwonee mgeni, kwa sababu walikuwa wageni. Kama wametii au hawajatii, hilo ni swali lao, na ni letu pia. Ninachokiona ni kwamba hadithi ya maumivu ina miisho miwili: "kwa hiyo jihadhari nao," au "kwa hiyo usimtendee mwenzio hivyo."

Jumapili nitampeleka mpwa wangu Kiambaa. Nitamwambia yote, pamoja na lile gumu zaidi: kwamba waliochoma walikuwa majirani. Halafu nitamwacha aulize tena.