Kikombe cha Mtu Mmoja

Kahawa ya Kenya iliingia kwa mlango wa Taita. Mwaka 1893 wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda kwenye misheni yao ya Bura, miguuni pa milima yetu, miaka mingi kabla Kiambu na Nyeri hazijapata jina kwa zao hilo. Hata hivyo sisi wa Werugha hatukuwa watu wa kahawa. Shambani tulishika kabichi na spinachi za kuteremshwa soko la Kongowea, jikoni tukashika chai ya maziwa. Kahawa tuliikuta tukifika Mombasa, kwa mzee mwenye dele juu ya makaa na vikombe visivyo na mkono, anayekujazia tena kabla hujaomba.

Mwanangu anayefanya kazi Doha alipokuja likizo aliniletea mashine ya kahawa ya kapsuli. Nashukuru kwa zawadi hiyo, kwa kuwa ni ya mtoto aliyemfikiria mamake akiwa mbali. Lakini imeniletea swali ambalo nimelibeba hadi kanisani. Watu wanne wakinywa kitu kimoja, kila mmoja akiwa na chake kilichopimwa na kufungwa kiwandani, je, wamekunywa pamoja?

Mashine yenyewe ni nyepesi kuitumia. Unajaza maji nyuma, unainua mkono wa chuma, unatumbukiza kapsuli, unaushusha. Ndani kapsuli inatobolewa, pampu inasukuma maji ya moto kwa nguvu, na kabla nusu dakika haijaisha kikombe kidogo kimejaa, juu yake povu la rangi ya asali. Kapsuli iliyotumika inadondoka ndani ya kisanduku. Kila moja ina gramu tano au sita za kahawa, basi.

Akina mama wenzangu wa kanisa walipokuja kunitembelea, niliwakaribisha kwa kahawa hiyo. Nikamtengenezea wa kwanza, mkubwa wetu kwa umri. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiweka gotini, akasubiri. Kwetu mgeni hanywi wenzake wakiwa mikono mitupu. Nikatengeneza cha pili, maji yakapungua, nikaongeza, mashine ikawasha taa yake nyekundu, nikangoja ipate moto. Muda wote huo nilikuwa nimesimama na mgongo wangu umewaelekea wageni. Wa nne alipopata chake, cha yule mama mkubwa kilikuwa kimepoa, naye alikinywa hivyo hivyo bila kusema neno. Ningekuwa na sufuria ya chai ningekaa nao, tukaongea ikichemka, na wote wangemiminiwa kwa mkupuo mmoja. Sufuria inaruhusu hata yule wa tano anayepiga hodi bila kutazamiwa, kwani maji huongezwa. Kapsuli haiongezwi.

Waliobuni mashine hizi hawakukusudia sebule ya Mtaita. Wazo la kapsuli lilianza kwa Eric Favre, mhandisi wa Nestlé huko Uswisi, katikati ya miaka ya 1970, na mashine yao, Nespresso, ikaingia sokoni mwaka 1986. Mmarekani John Sylvan, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Keurig, aliilenga ofisi, mahali ambapo kila mfanyakazi anataka kikombe chake upesi arudi kwenye meza yake. Mwaka 2015 alimwambia mwandishi wa jarida la The Atlantic kwamba wakati mwingine hujutia kuibuni mashine yake, na kwamba yeye mwenyewe hana moja nyumbani. Maneno hayo nayaheshimu sana. Alijua kitu chake kilifaa wapi, akaona kimefika pasipo pake.

Sasa nije kwa Korinto. Paulo aliwakemea Wakristo wa mji ule, katika waraka wa kwanza, sura ya kumi na moja, kwa sababu walikutana kwa chakula cha Bwana lakini kila mtu akatangulia kula chake mwenyewe, hata huyu akawa na njaa na yule amelewa. Tazama lilikuwa kosa gani. Chakula kilikuwapo, watu walikuwapo, chumba kilikuwa kimoja. Kilichokosekana ni kungojana, na ndiyo dawa anayowaandikia mwishoni mwa sura: wangojane. Yule mama mkubwa aliyekiacha kikombe chake kipoe aliielewa sura hiyo kuliko wahubiri wengi niliowasikia, mimi nikiwemo ninaposoma mimbarini.

Swali hili limetufikia pia kwenye Meza ya Bwana. Sisi Waanglikana tumezoea kikombe kimoja kinachopita midomoni mwa wote, tajiri na mchuuzi, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwaka 2020 korona ilipoingia, makanisa mengi yalikiweka kando. Siku hizi wapo wanaotuuzia vikombe vya plastiki vya mtu mmoja mmoja, vimefungwa kabisa: unabandua karatasi ya juu unapata kipande chembamba cha mkate, unabandua ya pili unapata funda la maji ya zabibu. Ni kapsuli. Wala si mambo mapya sana, maana vikombe vya mtu mmoja mmoja vilianza katika makanisa ya Marekani miaka ya 1890, watu walipoanza kuogopa vijidudu vya maradhi.

Wazee wetu walijua kwamba kinywaji kina kazi kati ya watu, kabla ya misheni ya Bura na kabla ya Waanglikana kufika Sagalla mwaka 1883. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu inaweza kumfanya mtoto augue au kuharibu mazao. Dawa yake ilikuwa kutasa: mwenye hasira anachukua funda la maji, la maji ya muwa au la pombe, analipuliza nje mbele ya watu, huku akitamka heri na afya kwa yule aliyemkasirikia. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyekaa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliliandikia jambo hilo kitabu kizima, Casting Out Anger, kilichotoka mwaka 1978. Wamisionari wengi waliona ni upagani, na sidai turudi huko. Ila naona wazee walishika kitu cha kweli. Mtu hawezi kutasa peke yake chumbani. Kinywaji kilikuwa na kazi kwa sababu kilitoka mdomoni mwa mtu anayeonekana na wale aliowakosea au waliomkosea. Kinywaji kilichofungwa ili kisiguswe na yeyote kitabebaje kazi hiyo?

Najua la kujibiwa hapa, na ni zito. Kuna ndugu kanisani anayetumia dawa za kifua kikuu, na upendo wenyewe unataka apewe kikombe chake. Kuna aliyeacha pombe baada ya kuteseka nayo, na harufu tu ya divai ni jaribu. Kuna wajane, mimi mmoja wao, ambao asubuhi nyingi hakuna wa kuchemshiwa sufuria. Kunywa peke yako si dhambi. Bwana mwenyewe alikuwa akienda mlimani peke yake. Saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mlima wa Iyale, nikitaka kusoma zaburi zangu kabla jogoo wa jirani hajamaliza, kikombe kimoja kinatosha na mashine inafanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoiita kitu cha kishetani. Ninachokataa ni kuifanya kipimo cha ukarimu.

Anayetaka kununua nitamwambia hivi. Chukua ile ya pampu inayokubali kapsuli za kampuni nyingine, usichukue ile inayosoma alama ya kampuni moja tu na kukufunga kwake. Tafuta na kapsuli ya chuma cha pua ya kujaza mwenyewe. Mimi sasa natumia hiyo, najaza kahawa ya Kenya iliyosagwa laini, naipigapiga kidogo kwa kijiko, na nikimaliza, masimbi ya kahawa naenda kuyamwaga kwenye migomba. Ukikaa Voi, kwenye maji ya kisima yenye chumvi, isafishe mara kwa mara kwa maji ya limau kisha maji matupu, la sivyo mabomba yake yataziba.

Zile za alumini nimeziacha kwa sababu ya udongo. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, na kontua za mashamba yetu zimependeza zaidi. Mji wa Hamburg ulikataza ofisi zake kununua kapsuli za kahawa mwaka 2016. Huko Ulaya angalau zipo sehemu za kuzirudisha. Hapa Werugha hakuna gari linalokuja kuchukua kikombe cha alumini kidogo kuliko kizibo cha thermosi, chenye masimbi ndani. Kitazikwa shambani, katika udongo wanamolala baba zetu, na jembe la mjukuu wangu litakifukua. Uwakili tuliopewa juu ya ardhi hii ni mzito kuliko haraka yangu ya asubuhi.

Baraza la kanisa litajadili kama tununue katoni ya vile vikombe vilivyofungwa kwa ajili ya Pasaka. Nitasimama kupinga katoni. Nitaomba tuwe na vikombe vichache vya kioo, vya kuoshwa, kwa wagonjwa na kwa walioacha pombe, wapewe bila kuulizwa maswali mbele ya watu. Wengine wote turudi kwenye kikombe kile kimoja cha fedha, mhudumu akipangusa ukingo wake kwa kitambaa safi kila baada ya mtu, na tukubali ibada ichelewe robo saa.