Muvi za Wachawi Tunazozipenda

Napenda muvi za wachawi. Nalisema mapema usije ukadhani nimekuja kuhubiri. Zile za Kinaijeria hasa, zenye mama mkwe mbaya: Patience Ozokwor akitokea tu mlangoni, unajua kuna bibi arusi atakayelia kabla jua halijatua. Nimeziona kwenye basi la usiku la Kisii kwenda Nairobi, kwenye vibanda vya video, na kwenye flashi zinazozunguka mtaa mzima mpaka zinashika virusi. Mtu akiniuliza aangalie nini wikendi, mara nyingi nazitaja hizo.

Sasa, nikimwambia mtu "hiyo ni kali, itafute", nimefanya nini hasa? Wengi watajibu sijafanya kitu. Kila mtu na ladha yake. Mmoja anataka chai ya maziwa, mwingine anataka ya rangi, na hakuna anayeshtakiwa kwa chai. Ningekubali haraka sana kama ningekuwa naishi kwingine. Lakini naishi Gusii.

Mei 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa huku kwetu kwa madai ya uchawi, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe. Oktoba 2021, kule Marani, kundi la watu liliwaua na kuwateketeza akina mama wazee wanne kwa madai yale yale. Hayo ndiyo yaliyofika magazetini.

Sisemi muvi ndizo ziliwaua. Neno omorogi ni la zamani kuliko stima, na ukichimba kesi nyingi za aina hii utakuta shamba, urithi, au mgonjwa ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini. Hata utani tunaopigwa Nairobi, eti Wakisii wote hukimbia usiku, haukuletwa na Wanaijeria. Lakini pia siwezi kusema muvi hazina mkono popote. Huko Naijeria kwenyewe iko moja ya mwaka 1999, End of the Wicked, iliyoandikwa na mhubiri Helen Ukpabio, inayoonyesha watoto wakiingizwa kwenye uchawi. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwa kuchochea tuhuma dhidi ya watoto wa kweli waliofukuzwa makwao. Yeye alikana, akasema ni hadithi tu. "Ni hadithi tu" ndiyo kauli yetu sote tukibanwa.

Nimejaribu kujiuliza ni nini hasa hunifurahisha mle ndani. Nadhani ni ile hakika. Saa nane za usiku kamera inaingia chumbani kwa mama mkwe, tunamwona anageuka bundi, tunamwona anakula nyama asiyoipata buchani. Mume hajui, mchungaji hajui, sisi tunajua. Kwa hiyo moto ukimshukia mwishoni, tunapiga makofi na roho safi kabisa. Tulikuwepo. Tuliona.

Hapo ndipo uongo ulipo, kwa maoni yangu, na ni mkubwa kuliko swali la kama wachawi wapo au hawapo. Uongo ni kwamba kuna mahali pa kusimama ambapo mtu anaweza kuona ndani ya nyumba ya jirani na ndani ya moyo wake. Kule Marani hakukuwa na kamera hiyo. Kulikuwa na watu waliojisikia kama wanayo.

Binamu yangu wa Keroka hakubali. "Kwani Wazungu hawana Harry Potter? Mbona wao hawachomi mtu?" Ni hoja nzuri, nilikaa nayo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba waliua. Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa, na yupo mzee mwingine aliyekandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Harry Potter alitoka 1997, zaidi ya miaka 300 baadaye, wakati pale hakuna tena bibi anayelala akisikiliza nyayo nje. Mzaha una wakati wake. Sheria yetu ya Uchawi ni ya 1925, na bado wapo wazee wanaoogopa kuonekana wakichuma majani kando ya njia.

Kupiga marufuku? Hapana, hiyo tumeijaribu. Rafiki ilifungiwa mwaka 2018, mahakama ikaifungulia siku 7, na watu wakajaa sinema kuliko kama ingeachwa tu. Halafu mimi mwenyewe nitanyang'anywa mama mkwe wangu.

Ninachofanya ni kusifu kwa maneno mengi zaidi. Badala ya "ni kali" pekee, nasema ni kali mpaka pale kwenye moto, na hapo angalia ni nani anakushangilisha. Watu wengine huniona mzushi. Na nikiwapa hizo, nawapa pia I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka aliyekulia Wales. Ni ya 2017. Msichana mdogo anatuhumiwa, anapelekwa kwenye kambi ya wachawi, anafungwa utepe mrefu mgongoni, anaambiwa akiukata atageuka mbuzi. Inachekesha, halafu unajishika ukicheka. Kamera haituingizi usiku kuona ukweli. Hatupewi.

Nilimtilia binamu kwenye flashi. Alilalamika kwamba ni ya polepole, hakuna ngumi, hakuna bundi. Kisha akaniuliza: "Lakini huyo mtoto alikuwa mchawi ama hakuwa?"

Nikamwambia filamu haisemi.

"Sasa nitajuaje?" Alikasirika kweli, kama mtu aliyeuziwa simu bila chaja. Wiki mbili baadaye alinipigia saa nne usiku, salamu hakuna, akaanza tena na huyo mtoto.