Kadi ya Mtoto Mgonjwa Peke Yake

Mama huyu utamkuta karibu kila mtaa wa Dar es Salaam, ingawa mimi namweka Mbagala. Anauza chapati asubuhi na ana watoto watatu, wote wamevuka miaka mitano, umri ambao msamaha wa matibabu ya watoto wadogo katika vituo vya serikali hukoma. Wa kati ana selimundu.

Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilipokuja kwa ada ya shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, alimkatia huyo wa kati tu. Jirani akamuuliza, na hao wengine je?

“Hao wazima, shoga. Hela yenyewe ya kuungaunga, niwalipie ugonjwa wasiokuwa nao?”

Watatu ni shilingi 151,200, na mtaji wake wote wa unga na mafuta haufiki hapo. Kadi ikamfaa kwelikweli. Mtoto akishikwa na maumivu ya mifupa usiku, akilazwa, akiongezewa damu, mama anaonyesha kadi dirishani na kuchukua dawa.

Lakini wazazi wengi walipiga hesabu hiyohiyo, na wapo waliokata kadi mtoto akiwa tayari anaumwa. Fikiria chama cha kufa na kuzikana ambacho watu wanajiunga siku ya msiba: sanda ya kwanza itanunuliwa, ya pili itakopwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukajikuta unalipa hospitali zaidi ya unachokusanya kwa watoto hao. Mwaka 2023 ukasitisha kuandikisha mtoto mmojammoja, ukataka waandikishwe kupitia shule. Kadi ilikuja kurejeshwa baadaye, lakini ugonjwa hausubiri.

Kadi ya yule wa kati ikaisha muda katikati ya kipindi hicho cha kusitishwa. Kisha mkubwa, yule mzima, akaamka amejikunja: kidole tumbo, apasuliwe haraka. Mama akakopa kikoba, akauza jiko la gesi, na mwezi uliofuata kliniki ya selimundu akailipia taslimu.

Siwaelewi wanaomlaumu mama huyu. Bima ya hiari ndiyo iliyomwachia achague, naye akachagua kama mtu mwenye hela kidogo anavyochagua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeondoa uchaguzi huo: kila mkazi ajiunge, na wasio na uwezo wagharamiwe na mfuko unaochangiwa na ushuru wa soda, vileo na vipodozi. Naiunga mkono. Ila mfanyakazi hukatwa kwenye mshahara bila kuhisi, na fukara atalipiwa. Muuza chapati si fukara, wala hana mshahara wa kukatwa. Huyo aruhusiwe kulipa kidogokidogo kwa simu, kila jioni anapofunga hesabu, akiwa bado na watoto wazima nyumbani.