Mimba Iliyotoka na Lawama ya Mume

Jua, ewe ndugu, Mwenyezi Mungu akuongoze, ya kuwa mke aliyetokwa na mimba amepatwa na msiba, wala hakutenda kosa. Damu imtokayo baada yake ni nifasi. Aghalabu yake siku 40, na ukomo wake 60 katika madhehebu ya Imamu Shafi. Zikivurugika ada zake baadaye, hata damu ikapita siku 15, hapo imeingia istihadha, nayo ni maradhi. Huoga, akasali, akafunga.

Basi mume amwambiaye, "Wewe hutaki kunizalia," amedhulumu mara mbili: amemlaumu kwa lisilo mkononi mwake, na amejitakasa nafsi yake pasipo ushahidi. Kwani matabibu wamethibitisha ya kuwa kasoro huweza kuwa kwa mume kama kwa mke. Na Suratu Shura, ilipotaja utasa kuwa ni kwa matakwa ya Mola, haikumhusisha mwanamke peke yake.

Basi na aende kwa tabibu pamoja naye, asubiri, na aombe kama alivyoomba Nabii Zakaria uzeeni. Na akinyimwa mtoto, asimnyime mkewe wema.

Wallahu aalam.